Wino Kwenye Kingo za Tezi ya Mzee Nyagalu

Siku tezi dume nzima ya kwanza ilipoingia kwenye maabara yetu hapa Dodoma, niliruka. Niliruka kweli, miguu yote miwili ikaacha sakafu, na kofia ya plastiki ikanidondoka. Nilikuwa na miaka hamsini na sita, bibi mwenye wajukuu wawili, narukaruka mbele ya kopo la formalini! Ninyi vijana mnaoanza kazi leo mmezikuta tezi zinaletwa mara kwa mara, hamwezi kunielewa. Sisi tulizoea vipande. Daktari anachoma sindano, anatuletea vinyuzi vyembamba mithili ya tambi. Au anakwangua njia ya mkojo, anatuletea makombo. Tezi nzima, pamoja na vifuko vyake viwili vya mbegu za kiume, iliondolewa huko mbali kwenye hospitali kubwa, sisi tukabaki kuhadithiwa.

Basi siku ile ikaja yetu. Na katika furaha hiyohiyo nikafanya kosa ambalo nusura limgharimu mtu uhai wake. Nitawasimulia lote. Mwenye tezi amenipa ruhusa, ila jina la Nyagalu nimempachika mimi, kwa sababu siri ya mgonjwa ni siri hata baada ya wewe kustaafu. Andikeni hilo kabla hamjaandika kingine.

Kwanza wino. Hospitalini waliniita Mama Wino, na wageni wengine walidhani nafanya kazi ya ukarani. Aliyenifundisha ni Mzee Fidelis, fundi wa maabara wa zamani, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyekuwa anavaa koti jeupe lililopigwa pasi hata Jumamosi. Aligoma kabisa kunipa hata titi la mgonjwa nipake wino kabla sijajifunza pembeni. "Nenda bucha," akaniambia, "nunua figo za mbuzi." Nikanunua kwenye bucha la mtaa wa Nkuhungu, figo sita. Nne kati yake nikazipaka, jikoni kwangu, rangi ya kijani upande wa kulia na nyeusi upande wa kushoto, nikazikata vipande, nikaangalia wino umekaa wapi. Jioni nikafikiri, nyama ni nyama, nikazikaanga zile mbili ambazo hazikupata rangi. Marehemu mume wangu akauliza mbona jikoni kuna figo za kijani. Hakula figo tena mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, na alikuwa anazipenda sana.

Kwa nini wino? Sikilizeni, maana hapa ndipo panaponisisimua mpaka leo. Daktari wa upasuaji akishaitoa tezi, swali la mgonjwa ni moja tu: itarudi? Hakuna anayeweza kumjibu kwa uhakika, lakini tezi yenyewe inatoa ushahidi, na sisi ndio tunaoutafuta. Tunapaka wino nje, kote pale kisu cha daktari kilipopita. Kisha tunaikata slesi kwa slesi, kuanzia nchani hadi kwenye shina, tunaigandisha kwenye nta, tunaichonga utepe mwembamba usioonekana kwa urahisi, tunaubandika kwenye kioo tunachokiita slaidi, tunautia rangi, unakwenda kwenye hadubini. Daktari wa patholojia akiona seli za saratani zimegusa wino, maana yake huenda kisu kilipita katikati ya ugonjwa na sehemu yake imebaki mwilini. Akiona kati ya saratani na wino kuna nyama nzuri, anashusha pumzi.

Ukingo si shahidi pekee. Kuna daraja la ukali, kwa maana ya jinsi seli zilivyovurugika: zile zinazokaribia kufanana na za kawaida hutambaa polepole, zile zilizosambaratika zina haraka. Kuna ganda la tezi, kama limetobolewa. Kuna vile vifuko vya mbegu, kama ugonjwa umeingia, na mitoki, vile vitezi vidogo vya kwenye nyonga. Kuna namba ya PSA, kipimo cha damu, ilikuwa kubwa kiasi gani kabla ya upasuaji. Mashahidi hawa hawasemi lugha moja. Mmoja anaweza kuleta habari njema na mwenzake mbaya, katika tezi ileile, na ndiyo maana ripoti huandikwa yote, haifupishwi kwa neno "safi" wala "mbaya".

Haya, turudi kwenye kopo.

Tezi ilikuwa ya Mzee Nyagalu, mkulima wa alizeti na mfugaji kutoka kijiji kimoja cha Kongwa, miaka sitini na nne. Ililetwa maabara na mdogo wake, Lazaro. Siku zile ndugu ndio waliobeba makopo kutoka chumba cha upasuaji, ni mwendo wa kukata uwanja tu. Nililipokea, nikasaini, nikaliacha lale siku nzima na usiku wake ili formalini, ile dawa inayozuia nyama isioze, iingie vizuri. Asubuhi nikaitoa, nikaikausha kwa karatasi laini. Msisahau kukausha, wino haushiki kwenye maji.

Upande wa kushoto, nyuma, kulikuwa na mpasuko. Umenyooka, urefu kama ukucha wa kidole gumba. Niliuona! Hilo ndilo linaloniuma. Mzee Fidelis alinifundisha: ukiona mpasuko simama, piga simu kwa daktari aliyepasua, andika kwenye karatasi, ndipo ushike brashi. Mimi nikajisemea, daktari wetu ni mara yake ya kwanza hapa, kisu kimemteleza kidogo, kwa nini nimuaibishe siku ya sherehe? Nikachovya brashi. Kijani kulia, nyeusi kushoto, siki juu yake ili rangi ishike. Wino mweusi ukaingia mle kwenye mpasuko mpaka chini, nami nikawa naimba.

Baada ya siku kumi ripoti ikatoka. Daktari wetu wa patholojia wakati ule alikuwa binti mdogo, Daktari Neema, mwenye macho makali kuliko mimi mara tatu. Aliandika alichokiona: saratani imegusa wino mweusi, upande wa kushoto, nyuma. Hakukosea hata nukta. Aliletewa slaidi inayosema uongo, akaisoma kwa usahihi.

Daktari wa upasuaji akamwita Mzee Nyagalu, akamweleza kwamba huenda kuna kilichobaki, na kwamba akishapona kidonda watapanga safari ya mionzi Dar es Salaam. Mzee alisikiliza, akashukuru, akavaa kofia yake. Siku ya kurudi kliniki hakuonekana. Wakampigia simu, haikupokelewa. Wiki iliyofuata vilevile.

Sasa ndipo Lazaro akaja maabara. Jumanne, saa nne, mtu mrefu kavaa shuka lake juu ya shati, akasimama dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kuomba karatasi ya kaka. Amegoma kurudi huku. Anasema kama kitu kimebaki basi alikatwa bure, bora afie kwake akiwaona ng'ombe wake. Nataka karatasi nimpelekee mchungaji wetu, labda atamsikia yeye."

Nikamwambia karatasi hutolewa na daktari, si mimi. Akaguna, akatikisa kichwa.

"Lakini mama, mimi nashangaa. Mbona ule ugonjwa haukuwa pembeni? Ulikuwa ndani kabisa. Kidude kigumu, cha njano njano."

Nikasogea dirishani. "Wewe umeonaje ndani?"

"Si niliipasua?" akajibu, tena kwa kujiamini kabisa. "Pale nje, na kisu changu kile kidogo. Dada zetu walitaka kuona kitu kilichokuwa kinamtesa kaka. Sisi ng'ombe akifa ghafla tunafungua ini, tunafungua bandama, tunajua kilichomuua. Nikafungua kidogo tu, tukaona, nikairudisha kwenye dawa yake."

Jamani! Sikujua nicheke au nilie. Nikamshika mikono yote miwili kupitia dirishani na glavu zangu, nikamwambia, "Lazaro, usiondoke hapo. Kaa. Usiende popote!" Nikakimbia kwenye korido, nikaingia kwa Daktari Neema bila kubisha hodi.

Nilimwambia yote, na la kwangu nikalitanguliza: niliuona mpasuko, sikuuliza, sikuandika. Nilikuwa nimebakiza miaka minne kustaafu, sijawahi kuandikiwa barua ya onyo, na nikajua leo ndiyo leo. Yeye akasema tu, "Tezi iliyobaki iko wapi, Mama Wino?"

Hapo ndipo mtajua kwa nini nawapigia kelele msitupe mabaki mapema. Ilikuwepo, kwenye kopo lake, na jina lake. Tukaitoa, tukaikutanisha midomo ya ule mpasuko taratibu kwa koleo, ikafungana kama kitabu. Tukakata slesi mpya juu na chini yake. Tukarudia nta, tukarudia rangi. Kesho yake mchana Daktari Neema akaniita kwenye hadubini, tukaegemeza vichwa, kila mmoja kwenye lenzi yake. Wino mweusi ulikuwa unashuka kutoka nje kwenye mstari mmoja ulionyooka, njia ya kisu cha Lazaro, ganda la tezi likiwa limekatwa pande mbili na midomo yake inaonekana. Na kwenye ukingo wa kweli, ule aliokata daktari, kulikuwa na nyama nzuri tupu. Saratani ilikuwa mbali na ukingo! Nilimkumbatia yule binti mpaka miwani yake ikapinda.

Vifuko vya mbegu vilikuwa salama. Mitoki salama. Ganda halikutobolewa na ugonjwa. Lakini daraja la ukali lilikuwa la nne kati ya matano, na PSA yake kabla ya upasuaji ilikuwa juu sana. Kwa hiyo furaha yetu ilikuwa na mpaka. Mtu wa aina hii lazima apimwe damu kila baada ya miezi mitatu, bila kukosa, maana ikirudi, namba ndiyo inayojua kwanza, kabla hata mwili haujasikia chochote. Na mtu huyu alikuwa Kongwa, simu kazima, anasubiri kufa.

Si kazi ya mtu wa maabara kumfuata mgonjwa nyumbani, na msije mkasema Mama Wino katufundisha. Niliomba ruhusa kwa daktari wa upasuaji na kwa Daktari Neema, wakaniandikia barua na ripoti mpya, na Jumamosi nikaondoka na Lazaro.

Lazaro nilikuwa nimeshamweleza kisu chake kilifanya nini.

Tulimkuta Mzee Nyagalu uani, amekaa kwenye kigoda anapepeta alizeti, amekonda. Mkewe, Mama Debora, akanikaribisha kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na maji ya kunawa, akaleta ugali wa uwele na mlenda kabla hajajua nimekuja na nini. Nikala. Kwa Wagogo hutoi habari nzito kwa mtu ambaye umekataa chakula chake, na mimi mwenyewe Mgogo, najua.

Kisha nikasema. "Mzee, mimi ndiye niliyeipaka wino ile tezi yako. Nilikosea." Nikaeleza pole pole, nikatumia chungwa alilokuwa nalo mjukuu wake, nikalichana ganda kwa kucha, nikawaonyesha jinsi rangi inavyoingia na kumfanya mtu afikiri ugonjwa umefika nje. Nikasema mpasuko niliuona nikaupita, kwa sababu nilikuwa na furaha na kwa sababu niliogopa kumuuliza mkubwa.

Mzee akamgeukia mdogo wake. Lazaro alikuwa anatazama miguu yake.

"Kumbe nimepasuliwa mara mbili," Mzee akasema. "Mara moja na daktari, mara moja na wewe."

Mama Debora akacheka kwanza, akaziba mdomo kwa kanga, kisha tukacheka wote, Lazaro huku machozi yakimtoka. Mzee akaninyooshea kidole.

"Na wewe mama, ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo sasa imeisha? Nimepona?"

Vijana wangu, hapo nilitamani sana kusema ndiyo. Watu wote uani walikuwa wananitazama, wanataka ndiyo. Ingekuwa rahisi, na wangenipa kuku. Nikasema, "Sijui, Mzee. Ukingo ni safi, hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini ugonjwa wako ni wa aina yenye haraka. Hakuna anayejua mpaka tupime damu, tena na tena, miaka."

Akaendelea kuchagua mawe kwenye ungo. Kisha akasema, "Daktari aliponiambia imebaki, nilimwamini nikavunjika moyo. Wewe umetoka Dodoma kuja kusema umekosea, halafu unasema hujui. Jumatatu nitakuja."

Akaja! Saa moja asubuhi, yuko mlangoni kabla ya mfagiaji. Wiki ilikuwa ya nane tangu upasuaji. Nilisimama nyuma ya kijana wa mashine nikimpumulia shingoni mpaka akaniomba nikae. Namba ikatoka chini kabisa ya kile mashine inachoweza kusoma. Haikuonekana! Nilipiga vigelegele kwenye korido ya hospitali, mkuu wa idara akatoka kuuliza kuna harusi ya nani.

Miaka ikapita hivyo. Kila miezi mitatu, baadaye kila sita, Mzee anakuja na mfuko wa karanga, anatoa damu, anasubiri kwenye benchi. Akifika na kukuta mashine mbovu, halalamiki, analala kwa binti yake anayekaa Ipagala, hapahapa mjini, anarudi kesho. Mbinu nazo zikabadilika: sasa mnapiga picha tezi pande zote sita kabla ya kugusa chochote, kopo linabebwa na mhudumu na kusainiwa mwanzo na mwisho, na Daktari Neema anatuma picha za slaidi kwa wenzake kwa kompyuta, wanajadili asubuhi na jibu linapatikana kabla ya chai. Zamani vichupa vyetu vilikuwa vinasafiri kwa basi. Ninyi mmezaliwa kwenye asali.

Mwaka wa tatu namba ikaamka. Sifuri nukta moja. Tukarudia baada ya wiki sita: sifuri nukta mbili. Mzee hana maumivu yoyote, anabeba gunia begani, lakini namba imeamka. Kijana mmoja wa maabara, mwerevu lakini mdomo wake hauna breki, akasema, "Sasa Mama, si bora angepewa mionzi mwanzoni? Ile ripoti ya kwanza si ingekuwa imemsaidia?"

Nilimjibu kwa hasira kidogo, na naomba radhi kwake. Ile ripoti ya kwanza haikumpeleka kwenye mionzi, ilimpeleka nyumbani akafie kwa ng'ombe wake. Angekaa kule mpaka mifupa ianze kumuuma, na tungemwona akiwa amebebwa. Alikuwa kwenye benchi letu namba ilipokuwa ndogo kwa sababu aliambiwa ukweli wote, ule mzuri na ule wa "sijui". Ripoti iliyosahihishwa haikuzuia ugonjwa kurudi. Ilimfanya yeye arudi.

Mzee alikwenda Dar es Salaam kwa mionzi, wiki saba, akiwa na Lazaro. Kila jioni Lazaro alinipigia simu kunieleza kaka yake kala nini. Mimi katikati ya mambo hayo nikastaafu, nikapewa keki na saa ya ukutani, nikaenda nyumbani kulea kuku. Lakini akili yangu haikustaafu, ilibaki kwenye ile namba.

Mwaka huu, asubuhi moja nikiwa nachota pumba, simu ikalia. Mzee Nyagalu. Nikasikia kelele za korido nyuma yake, nikajua yuko hospitali.

"Mama Wino, imeshuka. Mashine haiioni tena. Daktari anasema nirudi baada ya miezi mitatu."

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Nikamshukuru Mungu kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Yeye akaniacha nimalize.

"Sikiliza basi, sijapiga kwa hilo tu," akasema. "Leo nimekuja na Lazaro na wanangu wawili. Daktari alisema ugonjwa huu unapenda kutembea kwenye ukoo, nao wapimwe. Wanangu wameshatoa damu. Lazaro yuko hapa kwenye benchi, amekunja mkono wa shati tangu saa mbili, jina lake limeitwa mara tatu, hataki kuinuka. Mtu aliyempasua kaka yake kwa kisu anaogopa sindano! Mimi hanisikii. Anasema atakusikia wewe."

Nikaacha debe la pumba palepale, nikaenda kutafuta viatu vyangu.